Jinsi ya kusoma barua za vitani: kipi aliona, kipi alisikia, kipi alitamani tu

Watu wa huku Mwanza wengi mnazo hizi barua na hamjui kama mnazo. Ziko kwenye lile sanduku la bati chini ya kitanda cha bibi, zimefungwa uzi pamoja na risiti za pamba na vyeti vya ubatizo, na siku familia inagawana vitu vya marehemu ndo zinaenda kuchomwa uwani na takataka zingine. Barua za 1978 na 1979, za vita ya Kagera ya kumpiga Idi Amin wa Uganda, za askari na mgambo waliopita hapa kwenda Bukoba na baadae wakaingia Uganda mpaka Kampala na mbele zaidi. Mtu akizifungua anasoma mbili tatu, anakuta babu kaandika eti Amin kashakimbia wakati tarehe ya barua ni ya mwezi wa pili, kabla Kampala haijaanguka, basi anasema mzee alikuwa anapiga fiksi, anazirudisha au anazitupa.

Mzee hakuwa anapiga fiksi. Alikuwa kwenye handaki au chini ya mgomba, alichonacho ni macho yake, redio ya mwenzie na maneno ya dereva wa lori lililoleta unga. Kwahiyo kwenye barua moja anachanganya alichokiona, alichokisikia na alichokitamani, tena mara nyingi kwenye sentensi moja. Kazi yako ni kuchambua hivyo vitu vitatu, na usitupe hata kimoja, maana hata uvumi una tarehe na una mahali ulipopita, na ukiufatilia unakwambia watu walikuwa wanaogopa nini wiki ile.

Anzia kwa Wamarekani kabla ya babu yako

Najua inashangaza lakini nisikilizeni. Barua nzuri zaidi za kujifunzia hii kazi ni zile za vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, ya 1861 mpaka 1865, Kaskazini (upande wa serikali) na Kusini (majimbo yaliyojitenga). Ziko nyingi ajabu kwenye intaneti bure kabisa, Library of Congress (maktaba ya Bunge la Marekani) wameziweka, na kuna mradi wa Chuo Kikuu cha Virginia unaitwa Valley of the Shadow ambao umechukua wilaya mbili tu, moja ya Kaskazini na moja ya Kusini, ukaweka barua na magazeti ya pande zote mbili. Kama kingereza kinakupiga chenga weka kwenye kitafsiri cha simu utapata maana ya kutosha, ingawa wale askari wengi walikuwa wanaandika vile wanavyotamka kwahiyo hata kitafsiri kinachanganyikiwa.

Sababu ya kuanzia huko ni kwamba ile vita mwisho wake unajulikana siku kwa siku, kwahiyo ukikuta mtu kaandika jambo unaweza ukalicheki hapohapo. Alafu wale jamaa hawakuzuiwa sana, barua za kawaida za askari hazikuwa zinapitia kwa mkaguzi wa jeshi, mtu anaandika lolote lililoko kichwani, kambi ilipo, jenerali gani mlevi, nani kasikia nini. Na kingine, sio babu yako. Ukijua mtu wa Pennsylvania kakosea hauumii, ukijua babu kakosea unaanza kumtetea na kazi inaharibika.

Vita yetu ya Kagera ilikuwa ya nchi na nchi, hilo najua, msije mkanirekebisha. Lakini kumbukeni Waganda nao walikuwa pande zote mbili, wa Amin huku na wale waliotoka uhamishoni kule, kikosi cha kina Tito Okello na Oyite-Ojok na watu wa Museveni, kwahiyo barua za wakati ule zina harufu ileile ya ndugu kupigana na ndugu, na uvumi wake unafanana.

Karatasi yenyewe kwanza

Hapa napita haraka. Usitoe barua kwenye bahasha yake ukazichanganya, mpangilio uliokuta kwenye sanduku ni ushahidi, piga picha sanduku likiwa vilevile kabla hujagusa kitu. Usipige selotepu, usipeleke stationary wakaifanyie laminesheni (hii naiona sana, mtu anadhani anaitunza kumbe anaiua), usitumie gundi. Karatasi zilizogandana msizivute, hewa ya ziwa inagandisha karatasi vibaya, ziache hivyohivyo zikauke ndani kivulini. Mchwa na mende wakishaingia hamisha barua kwenye boksi safi na karatasi nyeupe katikati, sio mfuko wa rambo maana inatoa jasho.

Kupiga picha tumia simu, karibu na dirisha asubuhi, zima flashi, kila ukurasa mbele na nyuma hata kama nyuma unaona peupe, na bahasha pande zote. Bahasha watu wanaidharau sana na ndo yenye mhuri wa posta. Tarehe ambayo mtu kaandika juu ya barua ni siku aliyoshika kalamu, tarehe ya mhuri ni siku barua ilipoingia mikononi mwa posta, na kati ya hizo mbili ndo unapata kujua barua ilikaa wapi. Barua isiyo na stempu wala mhuri inawezekana ilikuja kwa mkono, askari majeruhi anarudi anapewa barua za kijiji kizima, na hiyo ina maana yake tutafika.

Wamarekani hapo wana mambo matamu. Kaskazini stempu ilikuwa senti 3, askari akikosa stempu anaandika juu kwamba hii ni barua ya askari na anayepokea ndo analipa. Kusini kuanzia Julai 1862 ilikuwa senti 10, na karatasi ikawaishia kabisa, wakawa wanageuza bahasha ya zamani ndani nje wanaitumia tena, wengine wanakata karatasi za kubandika ukutani wanafanya bahasha, wengine wakimaliza ukurasa wanaugeuza ubavu wanaandika tena juu ya mistari ileile, ukiiona unadhani ni wavu wa dagaa. Kwahiyo hata kabla hujasoma neno moja karatasi imeshakwambia hali ya upande ule ikoje, mwandishi anaweza akasema tuna kila kitu na tunakula vizuri, lakini ameandika kwenye karatasi ya ukutani.

Nakili, alafu chukua kalamu tatu

Nakili barua nzima kwenye kaunta buku au kwenye kompyuta, neno kwa neno, na makosa yake. Kama kaandika "tumefka" andika tumefka. Usisahihishe, usifupishe zile salamu. Watu wanaruka salamu kwa sababu zote zinafanana, mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu, ama baada ya salamu dhumuni la barua hii ni... Ndio zinafanana, ndo maana zinafaa. Mtu aliyeandika salamu zote kamili kwenye barua tano alafu ya sita anaingia moja kwa moja kwenye habari bila kumuulizia hata mama, ujue siku hiyo kuna kitu.

Kabla hujaendelea jiulize pia nani alishika kalamu. Wakati ule watu wazima wengi wa kanda hii ndo walikuwa wametoka kujifunza kusoma, huku Kanda ya Ziwa ndo kulikuwa na ule mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima wa UNESCO toka 1968, kwahiyo mke anajibu kwa mkono wa mtoto wa darasa la sita, na askari mwingine anaandikiwa na mwenzie. Marekani hivyohivyo, mshairi Walt Whitman alikuwa anazunguka hospitali za Washington anawaandikia majeruhi barua za nyumbani. Maneno yakipita mkono wa mtu mwingine yanapanda daraja, yanakuwa mazuri zaidi, na maumivu mengine yanabaki njiani.

Sasa kalamu tatu. Kwenye nakala, SIO kwenye barua yenyewe, pigia mstari wa bluu kila alichokiona, mwekundu kila alichokisikia, na penseli kila alichokitamani.

Bluu inajulikana kwa udogo wake. Buti zimeoza, tope la Kyaka, daraja limelala mtoni, tumekula ndizi za kuchoma siku nzima, fulani wa Magu kaumia mguu. Mtu hatungi uongo kuhusu buti. Hapa ndo penye dhahabu ya barua na ndo watu wanapopita mbio wakitafuta mapigano.

Nyekundu ina alama zake, tumeambiwa, wanasema, inasemekana, eti, kuna habari kwamba. Lakini wengine hawaweki alama yoyote, anaandika tumeua elfu tatu kama vile yeye ndo kahesabu. Kwahiyo pima kwa umbali: je kutoka pale alipokuwa amesimama angeweza kuona hiki? Askari mmoja anaona kikosi chake na moshi. Kwenye mapigano ya Gettysburg kule Pennsylvania, Julai 1 mpaka 3, 1863, waliouawa, kujeruhiwa, kutekwa na kupotea pande zote mbili ni kama 51,000, na hakuna mtu mmoja pale aliyeiona hiyo namba kwa macho, makarani waliikusanya baadae. Namba ya wenzie wa kikosi kimoja muamini, namba ya maiti za adui igawanye kwanza alafu ndo uanze kufikiri. Na namba ikiwa imekaa vizuri mno, elfu kamili, elfu kumi kamili, hiyo ni nyekundu moja kwa moja.

Penseli ni tamaa, na mara nyingi inahusu tarehe. Tutarudi kabla ya kupanda, vita inaisha mwezi huu. Usimcheke. Aprili 1861 Rais Lincoln mwenyewe aliita watu 75,000 wa kujitolea kwa siku 90 tu, sasa kama serikali inasema miezi mitatu askari atasema nini? Vita ikaenda miaka minne. Watu wa Kusini nao kwenye barua zao wamejaza habari kwamba Uingereza na Ufaransa wanakaribia kuwatambua, mwaka baada ya mwaka, na haikutokea kamwe. Kwetu, Mutukula, mji wa mpakani upande wa Uganda, ilichukuliwa Januari 1979 na ukisoma barua zinazokaribia hapo unaweza ukakuta mtu anajua kabisa kwamba kazi imeisha, adui katoka kwenye ardhi yetu, tunarudi. Hawakurudi, wakasonga mbele ndani ya Uganda miezi mingine mpaka Juni 3.

Tengeneza kalenda yako

Bila kalenda hizo rangi tatu hazikusaidii. Chukua karatasi kubwa, upande mmoja andika mambo yalipotokea kweli, upande wa pili andika barua ilisema nini na lini. Kwa Kagera weka angalau hizi: mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yanaingia, Novemba 1 anatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto Kagera ni lake, siku chache baadae daraja la Kyaka linavunjwa, Novemba hiyohiyo mwanzoni Mwalimu anahutubia taifa, sababu, uwezo na nia. Januari 1979 Mutukula. Februari 24 Masaka. Machi 10 na 11 Lukaya, kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala. Aprili 7 Entebbe, Aprili 11 Kampala, Aprili 22 Jinja, Juni 3 wanafika mpaka wa Sudan.

Ukishakuwa nayo unaona maajabu. Barua ya Februari 20 inayosema Masaka tumeichukua ni uvumi, ya Februari 27 ni habari, maneno ni yaleyale. Na kuna mtego mmoja mzuri sana wa majina: mkoa ule wakati vita inaanza ulikuwa unaitwa Ziwa Magharibi, jina la mkoa wa Kagera limekuja 1979. Ukikuta "barua ya Novemba 1978" imeandikwa mkoa wa Kagera hapo juu kwenye anuani, taratibu, yawezekana imenakiliwa baadae au tarehe imewekwa na mtu mwingine. Wamarekani nao wana hilo la majina, Kaskazini waliita mapigano kwa jina la mto au kijito na Kusini kwa jina la mji uliokaribu, kwahiyo Bull Run na Manassas ni vita moja, Antietam na Sharpsburg ni vita moja, na mtu asiyejua anahesabu nne.

Angalia na saa, sio siku tu. Julai 21, 1861 pale Bull Run, mchana simu za maandishi zinafika Washington kwamba Kaskazini wanashinda, watu wanafurahi, jioni jeshi zima linarudi mjini linakimbia. Barua ya saa tisa na barua ya saa tatu usiku za siku hiyo hazifanani hata kidogo na zote mbili ni za kweli kwa saa yake. Lukaya kwetu ni kinyume chake. Usiku wa Machi 10 Brigedi yetu ya 201, iliyokuwa na mgambo wengi, ilipigwa maroketi na Walibya waliokuja kumsaidia Amin ikatawanyika, na kesho yake Brigedi ya 208 ikazunguka ikapiga kutoka nyuma na mambo yakageuka. Sasa fikiria ndugu wawili wa Sengerema, mmoja 201 mwingine 208, wote wanaandika nyumbani wiki hiyo, baba anapokea barua mbili siku moja, moja inasema tumekwisha na nyingine inasema tumewamaliza. Nani muongo?

Fatilia nani kamwambia nani

Hii sehemu ndo ngumu na ndo nayoipenda. Watu wanasema lisemwalo lipo kama halipo laja, na kwenye sebule sawa, lakini kwenye barua za vita hiyo methali itakupoteza, kwa sababu jambo likisemwa na watu wengi haina maana limetoka sehemu nyingi.

Marekani ilikuwa hivi. Askari anaandika nyumbani, familia inafurahi inaipeleka barua kwa mhariri wa gazeti la mji, gazeti linachapisha, gazeti linatumwa kambini, askari wa kikosi kingine analisoma analiandika kwenye barua yake kama habari mpya. Wewe leo unakuja unakuta barua mbili na gazeti moja, unasema mashahidi watatu! Ni mtu mmoja tu huyo, kazunguka. Kwetu weka Radio Tanzania mahali pa gazeti. Taarifa ya saa mbili usiku inasikika kambini na inasikika Nansio na inasikika Geita, askari anaiandika, mke naye anaiandika kumpelekea mume, barua zinapishana njiani zikiwa zimebeba kitu kilekile. Kwahiyo kwenye kila mstari mwekundu jaribu kuchora mshale: redio, dereva, mateka, afisa, wakimbizi. Usipojua weka alama ya kuuliza, usijaze kwa kubahatisha.

Mshale wenye thamani ni ule ambao haupiti redioni. Barua za mkono nilizosema mwanzo ndo hizo. Pia angalia pale askari anapotofautiana na redio. Serikali yetu ilikuwa inaeleza kwamba kuna vita mbili, ya Tanzania kumpiga Amin na ya Waganda wenyewe kumng'oa, sasa mtu aliyekuwepo anapoandika nani hasa alikuwa mbele kwenye barabara ya Masaka, hiyo ni bluu ya bei kubwa. Na majina ya utani ya makamanda nayo yafatilie, ukikuta kaandika Mti Mkavu anamaanisha Silas Mayunga, Black Mamba ni John Walden, mtoto wa kidato cha pili akisoma bila kujua hilo anaweza akadhani babu alikuwa anaongelea nyoka.

Msiba mmoja wa uvumi ni kwamba watu waliozingirwa ndo wanaoutengeneza kwa wingi. Vicksburg, mji wa Kusini, ulizingirwa na jeshi la Kaskazini la Jenerali Grant toka Mei 18, 1863, na mle ndani kila wiki kuna habari kwamba Jenerali Johnston wa Kusini anakuja na jeshi kuwaokoa, yuko mto fulani, kesho anafika. Hakufika. Gazeti la mji lilishaishiwa karatasi likawa linachapwa nyuma ya karatasi za ukutani, Julai 2 likamcheka Grant aliyetaka eti ale chakula cha sikukuu ya Julai 4 ndani ya mji, likasema ukitaka kumla sungura lazima kwanza umkamate. Julai 4 mji ukasalimu amri, askari wa Grant wakaingia kwenye ile ofisi wakakuta herufi bado zimepangwa, wakaongezea chini kwamba sungura kakamatwa, wakachapa. Ukikutana na barua ya mle ndani ya mwezi wa sita imejaa Johnston, usipige tu mstari mwekundu ukapita, andika pembeni wamezingirwa siku ngapi na walikuwa wanakula nini, maana uvumi unapanda kadri chakula kinavyoshuka.

Ya ajabu sio lazima yawe ya uongo

Hapa wasomi wa mtandaoni wengi wanaanguka. Wanakuta jambo la kuchekesha wanasema hii stori ya kahawa. Basi chukua hii: Amin alipendekeza hadharani kwamba yeye na Nyerere wamalize vita ulingoni kwa ngumi, na Muhammad Ali awe refa. Kweli kabisa, alisema. Chukua nyingine ya hapahapa kwetu, Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa kupiga matangi ya mafuta ya Mwanza, ikakosa, mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama ya Saanane, wakafa swala. Mtu akiwa mbele kule anaandikiwa na mke wake kwamba ndege ya adui imekuja imeua swala, si angesema mke wangu kachanganyikiwa? Na Septemba 1862 askari wa Kaskazini waliokota nyasini amri ya siri ya Jenerali Lee wa Kusini imeviringishiwa sigara tatu. Ungesikia hiyo mwaloni Kirumba ungeamini?

Kwahiyo kipimo kisiwe "inashangaza au haishangazi". Kipimo ni alikuwa wapi, lini, na nani kamwambia.

Kinyume chake, yale yanayosikika ya kawaida na mazuri ndo ya kuyachungulia vizuri, hasa barua za kifo. Marekani askari mwenzie na marehemu ndo alikuwa anamwandikia mama wa marehemu, na barua hizo ukisoma kumi zinafanana mno: hakuteseka, alikutaja wewe, alikuwa anasali, alikufa kishujaa. Inawezekana kweli. Inawezekana pia ni rafiki mwenye huruma ambaye hakutaka mama ajue habari za jeraha la tumboni. Mimi kwenye barua za namna hiyo natumia penseli, tamaa, ila tamaa ya mwandishi kwa ajili ya msomaji, na bluu naiweka kwenye mahali alipozikwa na vitu vyake vilivyorudishwa, maana hapo mwandishi anakuwa makini. Kwa wa kwetu unaweza ukacheki jina kwenye makaburi ya mashujaa Kaboya, wilaya ya Muleba, ni safari ya siku kutoka hapa kama ukipanda basi la asubuhi kwenda Bukoba.

Na alichonyamazia kiandike pia. Barua za mateka wa Marekani zilizovuka kwenda upande wa pili zilipita chini ya bendera nyeupe, ukurasa mmoja tu, bahasha wazi, zinakaguliwa, kwahiyo zote zinasema niko salama nitumieni soksi. Ukikuta barua fupi mno ya mtu aliyekuwa mwandishi mrefu usiseme alichoka.

Ukienda kwa wazee

Wapo bado, na wengi wanapenda kuongea ila hawapendi kuhojiwa kama polisi. Shikamoo, kaa, kunywa chai kwanza, na usimpe barua mkononi moja kwa moja mwambie soma hapa, macho yenyewe mabovu na mambo yenyewe mazito. Msomee wewe kwa sauti, zile salamu zote, taratibu. Alafu usiulize "ni kweli?", ukiuliza hivyo atatetea au atakana. Uliza "hii mlisikia kwa nani babu?" na "siku hiyo mlikula nini?". La kwanza linakupa mshale, la pili linakupa siku, maana watu wanasahau tarehe lakini njaa hawaisahau. Maneno ya Kisukuma au Kihaya au Kijita yaliyopenyezwa katikati ya Kiswahili muulize yeye, usimuulize kijana wa mjini.

Akikwambia kitu tofauti na barua, usifute barua na usimrekebishe mzee. Andika vyote viwili, barua ilisema hivi tarehe hii, mzee kasema hivi mwaka huu, na tofauti yake iache hapo wazi aje aione mwingine. Miaka zaidi ya arobaini ya kusimulia imemfanya na yeye asikie taarifa za redio nyingi na stori za wenzie, zile rangi tatu zinahusu maneno yake pia, ila hizo rangi zipige ukishafika nyumbani.

Kuhusu kuweka mtandaoni. Picha ya bahasha na stempu weka, haina shida. Barua yenye jina la mtu aliyekufa, aliyekimbia, au aliyefanya jambo huko Uganda ambalo familia haijui, hiyo usiirushe kwenye grupu la ukoo saa nne usiku ukategemea watu walale. Na kama kwenye barua za babu umekuta habari za kifo cha kijana wa familia nyingine, alikozikwa na nani alikuwa naye, watafute watu wake, piga fotokopi safi, ipeleke kwa mkono, na uende na mtu mzima wa kwenu atakayejua kuongea.